Mtihani wa Msoma Akili

Mtu wa koti la kijivu alipinda kushoto kwenye duka la vioo, na Kobe akapinda naye.

Hatua ishirini na mbili nyuma. Hakuongeza, hakupunguza.

Casio yake ilionyesha saa nne na dakika kumi asubuhi. Barabara ya maduka ilikuwa imefurika. Katika vioo vilivyopangwa nje aliiona sura yake mara saba, na ya yule mtu mara saba. Mtu huyo alibeba begi jeusi la kompyuta mgongoni. Shingo ilikuwa inamtoka jasho ingawa hapakuwa na joto.

Kobe aliliweka hilo kichwani bila kuliamulia.

Ndiyo maana walimwita Kobe. Ofisa mwingine akiulizwa "umeonaje?" hujibu papo hapo. Yeye alijibu "bado". Mwanzoni walimcheka sana. Miaka ikapita, baadhi ya waliomcheka wakahamishiwa stoo, na yeye akabaki na kazi zake na jina lake la kobe.

Nokia ikatetemeka mfukoni.

"Duka limefungwa," alisema Mkuu wa Idara ya Ujasusi.

Maana yake: acha ulichoshika, rudi ofisini sasa hivi.

"Bado niko dukani, mzee."

"Nimesema limefungwa. Najua unamfuata msaidizi wa Mtaalamu. Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Basi rudi. Na Kobe... kaka yako ametajwa."

Miguu yake haikusimama. Hatua ishirini na mbili.

"Ametajwa na nani?"

"Mtaalamu. Asubuhi hii, mbele ya maofisa wote. Saa sita anakabidhiwa kwa wanajeshi."

Simu ikakatika.

Waliokabidhiwa kwa wanajeshi kwa kosa la usaliti hawakurudi. Kila mtu Idarani alilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Na huyu alikuwa kaka yake. Kaka mmoja tu, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na tisa ili yeye asiiache akiwa na kumi na minne. Kwa miaka kumi na mbili sasa alikuwa mtunza sefu wa Idara. Ndani ya sefu hiyo mlikuwa na majina mia mbili na kumi na mawili, ya watu wao wote waliokuwa nje ya nchi.

Kobe aliizima simu, akaendelea kumfuata mtu wa koti la kijivu.

*

Mtaalamu alikuwa amekuja wiki tatu zilizopita. Mgeni kutoka mbali, mrefu, nywele ndefu zilizofunika masikio, suti ya bei ya gari. Alisema anasoma akili. Idara ilikuwa imevujisha siri mbili mwaka huo, na Mkuu, aliyekuwa hapati usingizi, akamkaribisha amtafutie msaliti.

Kobe alikuwa safarini kikazi. Aliporudi jana alisikia habari za maajabu kila ofisi aliyopita. Hakubisha. Alikwenda getini, akaomba kitabu cha wanaoingia na kutoka, akakisoma ukurasa kwa ukurasa.

Kila siku Mtaalamu alipoingia chumba cha mikutano, msaidizi wake alitoka jengoni. Kila siku. Dakika tano kabla.

Huenda alikwenda kunywa chai. Huenda.

Sasa mtu wa koti la kijivu aliingia kwenye jengo la maegesho ya magari, akapanda kwa ngazi hadi ghorofa ya tatu. Mwishoni kabisa ilikuwepo Toyota HiAce nyeupe yenye vioo vya giza. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akajifungia.

Kobe alijibanza nyuma ya nguzo. Akatoa darubini ya Nikon yenye ukubwa wa kidole gumba.

Chini ya keria ya gari palikuwa na antena nyembamba, iliyopakwa rangi nyeupe isionekane. Ilielekezwa ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara lilikuwa jengo la Idara. Ghorofa ya nne. Dirisha la chumba cha mikutano.

Alibonyeza redio.

"Dereva."

"Sema, dada Kobe."

"Land Cruiser iko wapi?"

"Iko na mimi. Nanywa chai ndani yake."

"Ilete maegesho ya ng'ambo, ghorofa ya tatu. Kuna HiAce nyeupe. Kaa mbali nayo. Usifanye kitu mpaka nikwambie."

"Utaniambia leo, au mwakani?"

"Kabla ya saa sita."

Redioni kikombe kilisikika kikiwekwa chini.

"Makubwa. Kobe ana haraka. Nakuja."

*

Mama Taipu alikuwa karani wa Mkuu kwa miaka thelathini na mmoja. Alipomwona Kobe hakusema pole. Alivuta droo, akatoa faili la kijani.

"Fomu za mtihani zote hizi, mwanangu. Kumi na tisa. Hukunikuta nazo."

"Mtihani wenyewe ulikwendaje?"

"Unaingia. Mtaalamu kakaa kule mwisho wa meza, mbali. Anakwambia uwaze kitu chochote, neno au picha. Halafu unakiandika ili pawe na ushahidi, maana unamjua Mkuu, kitu kisicho na karatasi kwake hakijatokea. Unaitia karatasi kwenye bahasha, unaifunga mwenyewe, unaikalia ukitaka. Yeye anafumba macho. Halafu anakitaja."

"Unaandikia wapi?"

"Kwenye ubao wake mdogo ule wa ngozi. Meza ya mle ndani ina mikwaruzo, unaijua."

Kobe alipitia fomu. Amepata. Amepata. Amepata. Ofisa wa ramani: amepata. Mpishi wa kantini: amepata.

Ya kumi na nne: amekosa.

"Hii ni yako, mama."

"Ni yangu." Mama Taipu alivua miwani, akaifuta kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Akaniambia mbele ya Mkuu kwamba akili yangu ina ukungu wa uzee. Mimi. Barua za siri za wakuu wanne zimepita kichwani humu, ukungu ukapitia wapi?"

"Uliwaza nini?"

"Birika la bluu la marehemu mama yangu."

"Na ukaandika birika la bluu?"

"Niliandika, ndiyo. Hiyo hapo."

Kobe alifungua bahasha iliyobanwa kwenye fomu. Ndani ya karatasi palikuwa na vijistari viwili vitatu vilivyopinda, nukta, na mkia kama wa kambale.

"Mama, hii ni nini?"

"Hati mkato. Ukinipa kalamu, mkono wangu unaandika hati mkato wenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa, kuandika kasi kama mtu anavyosema. Siku hizi tumebaki wawili tunaoweza kuisoma, na mwenzangu amestaafu."

Kobe aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

Birika lilikuwa kichwani mwa Mama Taipu, la bluu, wazi kabisa. Mtu anayesoma akili angeliona. Mtu anayesoma karatasi angeona mkia wa kambale.

"Umeonaje?" aliuliza Mama Taipu.

"Bado," alisema Kobe. "Lakini karibu."

*

Chumba namba nne hakikuwa na dirisha. Askari wa mlangoni alimpa dakika tatu.

Kaka alikuwa amekaa kitako sakafuni, viatu kavua, kavipanga.

"Umekula?" aliuliza.

"Kaka, saa sita wanakuchukua, unaniuliza nimekula?"

"Nikuulize nini sasa? Sura yako inaonyesha hujala."

Kobe alikaa chini mbele yake. Goti lake liligusana na la kaka.

"Alipokutaja, uliandika kitu?"

"Hapana. Wiki iliyopita niliandika, kama wote, akapata. Leo alisimama tu akanitazama dakika nzima. Akasema ndani ya kichwa changu kuna mtu wa nje ananilipa. Watu kumi na tisa wananitazama. Ningesemaje? Nifungue kichwa wachungulie?" Alisogeza kiatu kimoja sambamba na kingine. "Watoto wangu wataambiwa baba yao aliuza watu."

Kobe hakumshika bega. Aliogopa angelia yeye.

Lililopimika, jamaa amelipata. Lisilopimika ndilo lililomfunga kaka. Yale majibu kumi na nane aliyopata yalikuwa ngazi ya kupandia hadi hili moja.

"Kwa nini wewe?" aliuliza polepole. "Mtunza sefu akiondolewa, nini kinafuata?"

"Namba zinabadilishwa. Utaratibu. Mkuu anabuni namba mpya, anaziandika kwa mkono wake, zinafungwa kwenye bahasha mbele ya shahidi." Kaka aliinua uso. "Saa sita kasoro dakika kumi. Shahidi ni Mtaalamu. Amesema atamkinga Mkuu ili akili nyingine isizichungulie."

"Ataandikia wapi?"

Kaka alimtazama bila kuelewa. Halafu akaelewa.

Kobe alishatoka.

*

Ndani ya lifti alifanya jambo moja dogo kwa mikono miwili, sekunde tano. Kisha akaingia chumba cha mikutano bila kubisha hodi.

Saa tano na dakika thelathini na nane.

Mkuu alikuwa upande mmoja wa meza, kalamu mkononi, ubao wa ngozi mbele yake, karatasi tupu juu ya ubao. Mtaalamu alikuwa upande wa pili, mita sita, vidole vimegusa kichwa juu kidogo ya sikio la kushoto.

"Kobe, toka," alisema Mkuu.

"Sijapimwa, mzee. Kila ofisa lazima apimwe, ndiyo amri yako. Mimi nilikuwa safarini."

"Si sasa."

"Mdogo wa msaliti, anatembea humu ndani bila kupimwa, na wewe unaandika namba za sefu?"

Mkuu alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa upande wa Kobe.

Kobe akaweka kitambulisho chake mezani. Akachomoa bastola yake ya Beretta, akaiweka juu yake.

"Akinipata, nifungeni pamoja na kaka. Sitaomba wakili. Akikosa, kaka anatoka."

Mtaalamu alitabasamu. Alikizungumza Kiswahili vizuri, kila neno limepigwa pasi.

"Mwacheni akae. Wenye hasira ni rahisi. Wanawaza kwa sauti kubwa."

"Nina sharti moja," alisema Kobe. "Mama Taipu achape maneno matano, niokote moja. Nikishaliokota nimwonyeshe Mkuu. Ili asije mtu akasema nimedanganya nilichokuwa nawaza."

"Hata mia," alisema Mtaalamu.

Mama Taipu alikwisha kuyachapa, kama Kobe alivyomwomba njiani. Aliingia na vikaratasi vitano ndani ya bakuli la klipu, akasimama kando ya mlango. Kobe aliokota kimoja, akakificha kiganjani, akamwonyesha Mkuu peke yake.

Tarumbeta.

Mkuu akatikisa kichwa kukubali. Sasa vichwa viwili chumbani vilikuwa na tarumbeta.

Kobe alivuta ubao. Akaandika kwa herufi kubwa, safi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akakunja karatasi, akaifunga kwenye bahasha.

Mtaalamu alifumba macho. Vidole vikabonyeza juu ya sikio.

"Naona... mnyama."

Mkuu aliinua macho.

"Mdogo. Ana pembe. Amesimama ndani ya kitu kama sanduku. Sanduku linapanda." Akafumbua macho, akacheka kwa upole. "Ofisa huyu ana utani. Mbuzi kwenye lifti."

Kwa mazoea Mkuu alianza kutabasamu. Tabasamu likafia njiani.

Kobe alirarua bahasha, akakunjua karatasi mbele yake.

MBUZI KWENYE LIFTI.

"Mzee, nimekuonyesha neno gani?"

"Tarumbeta," alisema Mkuu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Aliwaza mawili," alisema Mtaalamu haraka. "Alinificha la kwanza. Wako watu wenye uwezo huo, ni wachache, ni hatari..."

"Sawa," alisema Kobe. "Basi msome Mkuu. Yeye hakuandika kitu. Wala mbuzi wangu hakumjua."

Mtaalamu alishusha vidole kutoka juu ya sikio.

Mkuu aliweka kalamu chini. Aliiweka taratibu sana, sambamba na ukingo wa meza.

"Nisome," alisema. "Nawaza namba moja. Kati ya moja na mia. Nisome."

"Hewa ya chumba imeshachafuliwa."

"Nisome."

"Huyu dada wa msaliti ana chuki, na chuki..."

"Wiki tatu umekula kwenye meza yangu. Nisome."

Kobe alivuta ubao tena, akaandika mstari mmoja. Safari hii hakuficha. Mkuu aliweza kuusoma kutoka alipokaa.

GARI JEUPE GHOROFA YA TATU. TUNAKUONA.

Mtaalamu alishtuka kama mtu aliyepigiwa kelele sikioni.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu fulani alikuwa anampigia kelele sikioni.

Ng'ambo ya barabara injini iliunguruma. Redio ikaita kiunoni mwa Kobe.

"Kobe, HiAce inatoka."

"Izibe."

Matairi yalilia. Halafu kishindo cha bati.

"Nimeiziba. Land Cruiser imepata mkwaruzo, msinikate mshahara. Jamaa anakimbia... Hapana. Ameteleza. Ninaye."

"Kompyuta?"

"Iko wazi. Kuna maandishi kwenye kioo. Ni mwandiko wako, dada. Unaandika vibaya."

Mtaalamu alinyanyuka, akaja upande wao kwa hatua ndefu. Mkono ukapaa juu ya meza, na Beretta ikawa mkononi mwake, mtutu umeelekea kifua cha Mkuu.

"Ondokeni mlangoni," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kimepoteza pasi.

Mama Taipu hakuondoka mlangoni. Kobe hakuondoka kitini.

"Risasi nimezitoa kwenye lifti," alisema Kobe. "Ziko mfuko wangu wa kulia. Tangu nimekaa hapa sijawaza kitu kingine, nilikuwa nakungojea uzione."

Mtaalamu alifyatua.

Tk.

Alifyatua tena.

Kobe alinyanyuka na ubao. Pigo la kwanza lilishuka kwenye kifundo cha mkono, bastola ikaanguka. La pili lilikwenda shingoni. Mtaalamu alikaa chini, polepole, mgongo ukiteleza ukutani, na nywele zikamfunguka kando. Sikioni mlikuwa na kidude cha rangi ya ngozi, kidogo kuliko punje ya maharage. Bado kilikuwa kinalia.

Mama Taipu alimsogelea, akamwinamia.

"Na hapo ulipokaa, baba," aliuliza, "kuna ukungu kiasi gani?"

Kobe alichana ngozi ya ubao kwa kisu cha kufungulia barua. Ndani palikuwa na utando mwembamba wenye nyaya kama za buibui, na betri bapa. Aliuweka mbele ya Mkuu, karibu na karatasi tupu iliyokuwa ikingoja namba za sefu.

Mkuu aliigeuza karatasi hiyo kifudifudi.

"Ungechelewa dakika kumi na mbili tu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Watu mia mbili na kumi na wawili."

"Na kumi na watatu, mzee. Kaka yangu."

*

Saa sita na robo walinzi walikuwa wamekwisha kuwapeleka wageni chini. Mkuu alisimama dirishani, mikono nyuma.

"Kaka yako anatoka sasa hivi," alisema. "Nitaandika barua nzuri. Itaingia kwenye faili lake."

"Haitoshi."

Mkuu aligeuka. Watu hawakuzoea kumwambia hivyo.

"Umesemaje?"

"Alitajwa mbele ya watu kumi na tisa. Asafishwe mbele ya watu kumi na tisa. Kwa mdomo wako."

"Kobe. Unajua utaratibu. Mkuu hasimami mbele ya maofisa akasema amedanganywa na mganga wa suti. Idara itachekwa. Andika ripoti kwamba tulimshuku tangu mwanzo, tukamtegea, na kaka yako alijua. Anatoka shujaa. Wewe unapanda cheo. Wote tunasalimika."

"Kaka hakujua. Alikaa sakafuni akiwawaza watoto wake."

"Ni amri."

"Basi niandikie kwamba nimeikataa."

Alichukua Beretta mezani, akairudisha kwenye ala yake kiunoni. Kitambulisho akakiacha hapo hapo kilipokuwa.

"Hicho ni chako," alisema Mkuu.

"Kitanifuata ukishazungumza nao. Usipozungumza, kaa nacho."

"Unanitisha?"

"Hapana, mzee. Nakwambia tu ninachowaza. Sitaki mtu ahangaike kukisoma."

Mama Taipu, aliyekuwa anaokota vikaratasi sakafuni, aligeukia ukuta kuficha tabasamu.

Kobe alishuka kwa ngazi. Mlangoni mwa chumba namba nne kaka alikuwa anafunga kamba za viatu, askari akimshikia mkanda wake kama mhudumu wa hoteli.

"Imeisha?" aliuliza kaka.

"Kwangu imeisha. Kuna mtu mmoja bado hajamaliza. Usiende nyumbani. Panda ghorofa ya nne, ukae kiti cha mbele."

"Na wewe?"

"Mimi nina njaa."

Kaka alicheka, kisha akaufunika uso kwa viganja viwili, akakaa hivyo. Kobe alingoja mpaka alipomaliza. Akamnyoosha kola ya shati, akaondoka.

Alikuwa amefika nusu ya ukumbi wa chini pale vipaza sauti vya jengo vilipokwaruza.

"Maofisa wote," ilisema sauti ya Mkuu. Ikasita. Ikakohoa. "Maofisa wote, chumba cha mikutano. Nina jambo la kuwaambia kuhusu mtunza sefu wetu. Na kuhusu mimi."

Milango ilianza kufunguka juu yake, mmoja baada ya mwingine. Viatu vikashuka na kupanda ngazi.

Kobe hakugeuka. Alisukuma mlango wa mbele, akatoka juani, akavuka barabara kwa mwendo wake ule ule.